Begi la mkononi, begi kubwa, kutuma au kununua ukifika: chakula na vitu vyenye masharti uvipitishe wapi?

Usiku wa kufunga mizigo ndio usiku wa maswali. Chupa ya asali imesimama mezani, pembeni yake kisu cha jikoni, pawabenki, dawa za mgonjwa, mfuko wa nyama kavu. Begi moja limeshafungwa, jingine liko wazi kitandani, na kila mtu ndani ya nyumba ana ushauri wake. Mmoja anasema tia chini, mwingine anasema shika mkononi, wa tatu anasema achana navyo kabisa.

Wengi wanaonyang'anywa vitu uwanja wa ndege huwa wamedhani kuna mlango mmoja wa kuvuka, kumbe iko miwili. Wa kwanza ni ukaguzi wa usalama kabla ya kupanda. Pale swali ni moja tu: je, kitu hiki kinaweza kuidhuru ndege au waliomo? Wa pili ni forodha na karantini ya nchi unayoingia. Hawa hawana habari na ndege. Wanauliza kama kitu chako kinaweza kuingiza wadudu au ugonjwa, au kama sheria yao imekiharamisha. Tofaa hupita mlango wa kwanza bila mtu kuligusa, likakwama wa pili. Kisu cha jikoni ni kinyume chake. Ukiijua milango hii, utaona kwamba kuhamisha kitu kutoka begi hili kwenda lile kunakusaidia kwenye mlango wa kwanza tu. Wa pili haujali ulikibeba wapi.

Njia za kuchagua ni nne: begi la mkononi, begi kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege, kutuma kifurushi, au kuacha na kununua ukifika. Nitazipima kwa maswali yaleyale: ukaguzi wa usalama unasemaje, mpaka unasemaje, kitu kitafika katika hali gani, kikikataliwa unabaki na nini, na njia hiyo inamfaa nani. Gharama sikuitengea swali lake, maana hubadilika kwa shirika na kwa kilo. Itajitokeza humo humo.

Begi la mkononi

*Ukaguzi wa usalama.* Hapa masharti ni mengi kuliko kwingine kote. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyopangwa kufichwa kwenye chupa za vinywaji. Kutokana na hilo, viwanja vingi duniani hadi leo vinataka kila chombo cha kimiminika kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja.

Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichobaki ndani. Niliwahi kusimama foleni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa na chupa ya asali ya nusu kilo. Ilikuwa imebaki vijiko viwili hivi. Akaigeuza juu chini mbele ya ofisa ili ajionee mwenyewe jinsi ilivyo karibu tupu. Ofisa akaweka kidole kwenye lebo, palipoandikwa gramu 500, kisha akaitia kwenye ndoo. Ile asali ilikuwa bado inateremka polepole kwenye ukuta wa kioo. Mama yule hakuwa mkaidi; hakuna aliyekuwa amemwambia.

Tena neno kimiminika hapa ni pana. Asali, jamu, siagi ya karanga, mtindi, mchuzi, supu, jibini laini, achari yenye mafuta, vyote vimo. Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: ukikitoa kwenye chombo chake, kitabaki na umbo lake? Kama kitatanda au kitamwagika, kihesabu kuwa ni kimiminika. Mkate, biskuti, matunda makavu, jibini gumu na nyama iliyokaushwa hupita mlango huu bila shida. Ila vyakula vizito vilivyoshikana, kama bonge la chokoleti au kifurushi cha unga, mara nyingi hufanya begi lifunguliwe. Mashine ya eksrei huonyesha vitu vyote vya asili ya mimea na wanyama kwa rangi ya machungwa, na vilipuzi vingi huonekana kwa rangi hiyohiyo. Ukiviweka peke yake kwenye trei unajipunguzia maswali. Kwa safari za kwenda Marekani, tangu 2018 unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 hukaguliwa zaidi, na ukishindwa kutambulika hauingii ndani ya ndege.

Maziwa na chakula cha mtoto mchanga, pamoja na dawa za maji ambazo mgonjwa anazihitaji njiani, havifungwi na mililita 100. Vitoe begini, mwambie ofisa mapema, na uwe tayari vipimwe. Viwanja vyenye mashine mpya za skana vimeanza kulegeza kanuni ya vimiminika, jambo zuri, lakini usilifanye kuwa mpango wako wa safari nzima: uwanja wa kurudia au wa kubadilishia ndege unaweza kuwa bado uko kwenye mililita 100.

Vyenye makali vinatofautiana kwa nchi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinakubali ubapa usiozidi sentimita 6. Marekani kisu chenye makali hakipandi kabisa mkononi, ila mkasi wenye ubapa usiozidi sentimita 10 kuanzia kwenye kiungo unaruhusiwa.

Kuna kitu kimoja ambacho lazima kiwe mkononi, nacho ni betri za akiba za lithiamu, pawabenki ikiwemo, pamoja na sigara za kielektroniki. Betri ikiwaka ukiwa umekaa nayo, wahudumu wataiona na kuizima. Ikiwaka tumboni mwa ndege, hakuna wa kuiona. Kiwango cha kawaida ni hadi wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi, bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 shirika lazima likubali kwanza. Zaidi ya hapo haipandi ndege ya abiria. Kama pawabenki yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inakupa 74, iko salama. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa chini uwanjani Busan, Korea Kusini, na watu wote 176 wakatolewa. Uchunguzi uliinyooshea kidole pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Baada ya hapo Korea Kusini ilikataza kuziweka kwenye makabati hayo, na mashirika kadhaa, likiwemo Singapore Airlines, yakapiga marufuku kuzitumia ndani ya ndege. Kaa nayo karibu, mfukoni au chini ya kiti cha mbele yako.

*Mpaka.* Hakuna nafuu ya kisheria kwa sababu tu ulikishika mkononi. Tofaa ulilopewa ndani ya ndege ukalitia kwenye mkoba ni tunda linaloingia nchini kama matunda mengine.

*Hali ya kitu.* Hakuna njia inayoishinda hii. Hakirushwi, hakilaliwi na masanduku, na unajua kilipo.

*Kikikataliwa.* Muda ndio utakaoamua. Ukiwahi, unaweza kurudi kaunta kukitia kwenye begi kubwa au kumpa aliyekusindikiza. Ukichelewa, kinabaki kwenye ndoo.

*Inamfaa nani.* Mwenye dawa, mwenye mtoto mchanga, mwenye vifaa vya betri, na yeyote anayebeba chakula kikavu kidogo kinachopondeka kirahisi.

Begi kubwa

*Ukaguzi wa usalama.* Vimiminika haviwekewi mililita 100. Kisu, mkasi mkubwa na vifaa vya kazi vinakaa humu, makali yakiwa yamefungwa ili asikatike anayefungua begi. Pombe ina ngazi zake: chini ya asilimia 24 haina kikomo cha usalama, kati ya 24 na 70 ni lita 5 kwa mtu na iwe kwenye chupa zake za dukani, na inayozidi 70 haipandi kokote. Manukato na dawa za kupuliza za mwilini zinakubaliwa, kila kopo lisizidi nusu lita na jumla yake lita 2. Mitungi ya gesi ya jiko, petroli, fataki na dawa kali za kuua madoa havipandi mkononi wala chini. Kiberiti cha gesi nacho hakikai begini: kimoja tu, mfukoni mwako.

*Mpaka.* Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa vyakula vingi husafiri kwa njia hii na hasara kubwa hutokea hapa.

Nchi hazikatai nyama yako kwa ubahili. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika huweza kubaki hai kwa miezi ndani ya nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza mwaka 2001, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa ili kuuzima. Nzi wa matunda mmoja mwenye mayai anatosha kuanzisha balaa shambani. Ndiyo maana wanaofuga na kulima wanaomba mpaka uwe mkali, na mimi nawaelewa.

Umoja wa Ulaya haumruhusu abiria kutoka nchi nyingi za nje kuingia na nyama au maziwa na bidhaa zake, hata kipande kimoja cha soseji. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, asali hadi kilo 2, na maziwa ya unga ya mtoto mchanga yana nafasi yake ya kilo 2 kwa masharti. Kwa mimea, tangu Desemba 2019 kila tunda na mboga mbichi inadai cheti cha afya ya mimea isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Kwa hiyo ndizi zinapita, embe halipiti bila cheti. Uingereza nayo, kuanzia Aprili 2025, iliwakataza abiria kuingia na nyama na bidhaa za maziwa kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, nchi jirani zake kabisa, kwa sababu ya ugonjwa ule ule wa miguu na midomo.

Marekani inakutaka utangaze kila chakula. Mkate, biskuti, peremende na kahawa iliyokaangwa kwa kawaida hupita. Nyama kutoka nchi nyingi na matunda mabichi mengi hukataliwa. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini inayofika hadi dola 10,000. Mbwa wadogo wa aina ya beagle wamekuwa wakinusa mabegi ya abiria huko tangu 1984, walipoanzia Los Angeles, na mbwa hadanganywi kwa kufunga nyama mara tatu ndani ya nguo.

Australia ndiko ambako sijui mtu aliyejaribu akafurahi. Mwaka 2022 abiria aliyetua Darwin akitokea Bali alikutwa na mikate miwili ya mayai na soseji pamoja na kroasanti ya nyama, mabaki ya kifungua kinywa chake, hakuwa ameviandika kwenye kadi ya kutangaza mizigo ambayo abiria hujaza anapoingia nchini. Akatozwa dola 2,664 za Australia. Huko mgeni anayedanganya kwenye kadi anaweza hata kufutiwa viza. New Zealand faini ya papo kwa papo ni dola 400 za kwao.

Angalia adhabu hizi zinamwangukia nani: ni yule asiyetangaza. Ukiweka alama ya ndiyo kwenye kadi, ukafungua begi na kusema nina chakula, baya la kawaida litakalokupata ni kunyang'anywa. Usipokuwa na uhakika, andika ndiyo. Dakika kumi za kusubiri meza ya karantini hazijamfilisi mtu.

Si chakula peke yake. Singapore inakataza abiria kuingia na bazoka za kawaida za kutafuna, na sigara za kielektroniki pia. Thailand nayo inazikataza sigara hizo. Japani haikubali dawa zenye amfetamini hata ukiwa na karatasi ya daktari, na Falme za Kiarabu zinataka kibali cha mapema kwa dawa zenye kodeini. Vyote hivyo ndege itakubebea bila neno.

*Hali ya kitu.* Begi hurushwa, hulaliwa na kukandamizwa. Mimi nilipoteza nguo za wiki nzima kwa chupa moja ya mafuta ya kupikia ambayo kifuniko chake kilikuwa kimekazwa vizuri kabisa. Siku hizi kwanza natandika kipande cha nailoni mdomoni mwa chupa kabla ya kufunga kifuniko, nazungushia utepe wa gundi, naitia kwenye mifuko miwili, kisha naizungushia taulo katikati ya begi, mbali na kingo. Chakula kibichi kwenye safari yenye kubadilisha ndege usikiamini humu. Begi likibaki nyuma siku mbili, utakachokipokea hutakitaka.

*Kikikataliwa.* Hupo. Begi linaweza kufunguliwa na kitu kikatolewa bila wewe kuwepo, ukaja kujua unapofungua nyumbani.

*Inamfaa nani.* Mwenye vimiminika vingi vilivyofungwa kiwandani, vyenye makali, na chakula kikavu kizito kinachoruhusiwa anakokwenda. Aangalie kilo pia. Mashirika mengi huweka 23 kwa begi, na likizidi 32 hata ukilipa kwa kawaida halipokelewi.

Kutuma kifurushi

*Ukaguzi wa usalama.* Watu husahau kwamba vifurushi vingi navyo husafiri kwa ndege. Betri zisizo ndani ya kifaa, manukato na makopo ya kupuliza vina masharti makali zaidi kuliko ukivibeba mwenyewe, na wasafirishaji wengi hawapokei kabisa chakula kinachooza.

*Mpaka.* Sheria za wanyama na mimea ni zilezile, na mpokeaji anaweza kudaiwa ushuru. Tofauti inayouma ni kwamba kifurushi hakina mdomo. Wewe ungeweza kumweleza ofisa kuwa hiki ni kitu gani na kimepikwa vipi. Sanduku lina karatasi ya orodha tu, nayo ikisema "zawadi" bila maelezo, hapo hapo limejitilia shaka. Andika kila kitu kwa jina, uzito na thamani yake.

*Hali ya kitu.* Hutegemea ufungaji wako na siku litakazokaa ghalani.

*Kikikataliwa.* Kinarudishwa kwa gharama yako au kinaharibiwa, na fedha ya kutuma imekwenda.

*Inamfaa nani.* Anayehama na vyombo, visu vya kazi, vitabu, vyakula vikavu vya kiwandani visivyo na nyama wala maziwa, na mwenye wiki kadhaa mkononi.

Kuacha na kununua ukifika

Kwenye milango yote miwili hapa huna la kujibu, na hicho ni kitu kikubwa kwa msafiri wa mara ya kwanza. Hali ya kitu ni mpya. Kikikosekana, basi kimekosekana, na ladha ya chakula kilichopikwa na mama hainunuliki popote. Sitamwambia mtu kwamba ni sawa tu. Lakini maji, mafuta ya ngozi, shampuu, mkasi na matunda ya kula njiani sioni sababu ya kuvigombania.

Kuna ununuzi wa katikati, yaani maduka yasiyo na ushuru ndani ya uwanja. Chupa kubwa hutiwa kwenye mfuko maalumu uliofungwa, risiti ikionekana. Usiufungue hadi ufike mwisho wa safari. Anayebadilisha ndege Marekani atachukua begi lake kubwa kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia, na baada ya forodha ahamishie chupa humo kabla ya kulikabidhi tena. Akiisahau mkononi, ukaguzi unaofuata unaweza kumtoa.

Njia hii inamfaa mwenye safari fupi, mwenye begi la mkononi peke yake, na anayekwenda nchi zenye karantini kali.

Uchague vipi kwa hali yako

Unasafiri na mtoto mchanga: maziwa na chakula cha njiani mkononi, makopo ya ziada begi kubwa, na soma kanuni ya maziwa ya nchi unayoingia kabla hujanunua kopo la tatu.

Unabeba dawa: zote mkononi, kwenye pakiti zake zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari. Tafuta orodha ya dawa zilizokatazwa huko wiki kadhaa kabla, maana kibali hakipatikani usiku wa safari.

Unampelekea ndugu asali au mafuta ya kula: begi kubwa, chupa haijafunguliwa, na utangaze. Kama huna begi kubwa, mwachie anayefuata.

Unatamani kupeleka nyama au jibini Ulaya, au tunda lolote Australia: acha. Peleka biskuti, peremende au kahawa iliyokaangwa, na hivyo pia uvitangaze pale nchi inapotaka.

Unahama kwa miaka: gawanya. Vya thamani na betri mkononi, vyenye makali begi kubwa, vizito visivyooza vitume mapema, na jikoni ukaianze upya huko.

Una ndege mbili au tatu za kuunganisha: fuata uwanja wenye masharti makali kuliko yote njiani, na uwe na mfuko mwepesi wa kitambaa ndani ya begi la mkononi. Ukiambiwa kitu hakipandi na bado una saa moja na nusu, unakitia humo, unarudi kaunta na kuomba kipakiwe.